Karata nilizozichoma kabla ya kuzisoma

Ilikuwa Jumamosi jioni, mwezi wa Aprili, shule zikiwa zimefungwa. Nilikuwa nikitandika kitanda cha binti yangu, kifungua mimba wangu aliye katika Gredi ya Saba, mkono wangu ulipogonga kitu chini ya godoro. Nilikivuta. Kilikuwa kisanduku cha viatu. Ndani yake, zikiwa zimepangwa vizuri na kufungwa kwa mipira, mlikuwa na karata.

Mpenzi msomaji, sikuuliza. Nilikibeba kisanduku kile hadi jikoni, ambako makaa yalikuwa yamekolea chini ya maharagwe, nikaepua sufuria na kuzimwaga karata zote motoni. Zilikuwa za karatasi ya manila, basi zilishika moto mara moja. Binti yangu alikuja akasimama mlangoni. Hakulia wala hakusema neno. Alitazama mpaka ya mwisho ikajikunja, kisha akaenda chumbani akafunga mlango polepole. Heri angeubamiza.

Karata za baba

Ili unielewe, sharti nikurudishe nyuma. Nimelelewa katika mji mdogo kando ya reli, na baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani. Mshahara ulitoka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi baba hakuonekana nyumbani. Nyuma ya duka moja mkabala wa stesheni, wanaume waliketi kuzunguka meza, taa ya karabai ikiwamulika, wakicheza karata za pesa. Baiskeli ndiyo iliyotangulia kwenda. Redio ikafuata. Nilipokuwa Darasa la Saba ilikwenda karo ya kaka yangu, naye akakaa nyumbani muhula mzima akichunga mbuzi wa jirani ilhali wenzake walikuwa shuleni.

Siku moja mama alizikuta karata katika mfuko wa koti la baba. Alizitia jikoni mbele yetu sote, baba akiwa ameketi palepale, akasema, "Karata ni shetani mwenye sura hamsini na mbili." Neno hilo niliolewa nalo, nikazaa nalo, na Jumamosi ile ya Aprili ndilo lililonisukuma mkono. Nilijihisi nimeiokoa nyumba yangu.

Usiku huo nilimpigia simu kaka yangu, yuleyule aliyechunga mbuzi, ambaye sasa anafanya kazi Mombasa. Nilitaka anipongeze. Badala yake alinyamaza, kisha akauliza, "Dada, hizo karata ulizisoma?"

Nikamwambia karata hazisomwi.

"Hizo zinasomwa," akasema. "Zilikuwa mia mbili. Ameziandika mwenyewe kwa mkono tangu Januari. Zilikuwa methali za Kiswahili, dada. Kila karata nusu ya methali."

Nilikaa juu ya ukingo wa kitanda, simu ikiwa bado sikioni.

Kumbe kaka yangu ndiye chanzo. Alikuwa amempa mpwa wake tableti yake kuukuu na kumnunulia humo vitabu vya hadithi za michoro kutoka Japani, vile viitwavyo manga, vilivyofasiriwa kwa Kiingereza. Hadithi yenyewe ilihusu mashindano ya karata. Nilimfokea. Nilimuuliza ilikuwaje yeye, kati ya watu wote, kumnunulia mtoto vitabu vya karata. Alinijibu kwa upole, "Visome kwanza. Halafu unifokee vizuri."

Neno lililosafiri

Basi nilivisoma, tena kwa nia ya kutafuta kosa. Jina la msururu huo ni Chihayafuru, kazi ya mchoraji wa kike aitwaye Yuki Suetsugu. Ulianza kuchapishwa Desemba 2007 katika jarida la Be Love la kampuni ya Kodansha, ukaendelea hadi Agosti 2022, na umekusanywa katika juzuu 50. Mwaka 2009 ulipata tuzo ya Manga Taisho. Vitabu hivi husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama chuo cha madrasa, nami usiku wa kwanza nilijikuta nikisoma majibu kabla ya maswali.

Mchezo unaosimuliwa humo huitwa karuta. Mwanzoni nilidhani ni kosa la chapa. La hasha. Karuta ya Wajapani na karata yetu ni ndugu wa baba mmoja, neno la Kireno carta. Wareno walifika Mombasa mwaka 1498 na Japani mwaka 1543, na kote huko waliacha neno lao. Ndio haohao waliotuachia meza na leso. Lakini ndugu hawa wawili walilelewa katika nyumba tofauti. Kwetu neno hilo lilikwenda likaketi nyuma ya duka pamoja na baba. Huko Japani, mbali na karata za pesa ambazo nao wanazo, lilikutana na mashairi.

Yapo mashairi 100 mashuhuri yaliyotungwa na washairi 100, kila mmoja shairi moja. Mkusanyo huo huitwa Hyakunin Isshu, na aliyeyachagua ni mshairi Fujiwara no Teika, katika karne ya 13. Kila shairi lina mizani 31 tu, 17 katika nusu ya kwanza na 14 katika nusu ya pili. Sisi tuliohesabu mizani kwa vidole tukiwa darasani tunajua kazi ya kulibana wazo katika nafasi ndogo kama hiyo.

Katika mashindano, wachezaji wawili hupiga magoti mkekani wakitazamana. Katikati yao hupangwa karata 50, kila mmoja akiwa na 25 upande wake, na juu ya kila karata imeandikwa nusu ya pili tu ya shairi. Wanapewa dakika 15 za kukariri kila karata iko wapi. Kisha mtu wa tatu, msomaji, huanza kughani shairi kutoka mwanzo. Anayetangulia kuigusa karata inayokamilisha shairi hilo ameichukua, na akiichukua kutoka upande wa mpinzani humpelekea mpinzani moja ya karata zake mwenyewe. Anayetangulia kumaliza karata za upande wake ndiye mshindi. Hakuna anayeweka dau. Ukitaka kushinda, kwanza uwe na mashairi 100 moyoni.

Mikono ya wachezaji hawa ni ya ajabu. Yako mashairi saba yanayotambulikana kwa silabi ya kwanza tu, hivi kwamba msomaji hajafumba midomo na karata imekwisharuka ukutani. Mengine huanza sawasawa, na wachezaji hungojea silabi ya kuyatofautisha. Hapo ndipo nilipoelewa ni kwa nini binti yangu alichagua methali. Ukisikia "Asiye", huwezi kujua kama ni asiyesikia la mkuu, asiyefunzwa na mamaye, au asiyekubali kushindwa. Sharti usubiri. Baadaye nilikuja kujua kwamba Wajapani wenyewe pia wana karuta za methali, ziitwazo iroha karuta, wanazochezesha watoto. Binti yangu hakuwa ameelezwa hayo na mtu. Alikuwa ameyafikia peke yake, kwa mkasi na kalamu, chini ya paa langu, na mimi sina habari.

Sekunde moja

Mambo mawili katika mchezo huu yalinikosesha usingizi.

La kwanza ni kwamba mashairi ni 100 ilhali karata zilizo mkekani ni 50. Maana yake ni kuwa nusu ya mashairi yote hayana karata pale. Msomaji anaweza kuyasoma wakati wowote, na kazi ya mchezaji wakati huo ni kutuliza mkono. Akigusa karata yoyote, amekosa, na mpinzani wake humpelekea karata ya adhabu. Wachezaji wa kasi ndio wanaoumia hapa, kwani masikio yao husikia kile wanachokitarajia badala ya kinachosomwa.

La pili ni kimya. Kabla ya kuanza shairi jipya, msomaji humalizia nusu ya pili ya shairi lililotangulia, kisha hunyamaza kwa muda wa sekunde moja. Katika sekunde hiyo ukumbi mzima hushika pumzi. Nilijifunza kuipenda michoro ya sekunde ile kuliko ile ya karata zinazoruka: magoti, vidole, sikio la msichana lililotegwa.

Sikuhitaji mwalimu wa kunieleza nilikuwa nimefanya nini. Katika maisha yangu ya utotoni kulisomwa neno moja, karata, nami nikaukaza mkono wangu juu yake kwa zaidi ya miaka ishirini. Aprili lilisomwa neno jingine kabisa, nami nikarukia lile la zamani.

Wazazi wenzangu, ni mara ngapi tunafanya hivi? Mtoto anasema amechelewa, nasi tumekwisha kusikia yale yaliyotufanya sisi tuchelewe. Anasema ana rafiki, nasi tunaona mwanamume aliyemharibia maisha binamu yetu. Mengi wanayotuambia watoto hayana karata mkekani. Yanataka sikio tu.

Miwani

Shujaa wa hadithi ni Chihaya Ayase, msichana wa Tokyo ambaye mwanzoni, akiwa Darasa la Sita, ndoto yake ya pekee ni kumwona dada yake akiwa mwanamitindo mashuhuri. Darasani mwao anahamia mvulana kutoka Fukui, Arata Wataya, ambaye watoto wanamcheka kwa lahaja yake na kwa umaskini wake, kwani huamka alfajiri kusambaza magazeti nyumba kwa nyumba. Babu yake aliwahi kuwa bingwa wa karuta. Ni Arata anayemweleza Chihaya kwamba ndoto ya mtu haiwezi kuwa ndoto ya dada yake. Sharti iwe yake mwenyewe.

Lakini aliyenishika moyo ni mvulana wa tatu, Taichi Mashima. Huyu ni mtoto wa nyumba ya kitajiri, mzuri wa sura, hodari masomoni, ana mama asiyetaka kusikia habari ya nafasi ya pili. Shuleni kunapofanyika mashindano ya karuta, Taichi anaogopa kushindwa na yule maskini wa Fukui, basi anamwibia miwani. Arata anacheza akiwa haoni vizuri. Ni Chihaya anayeingia kumalizia mchezo badala yake.

Kosa hilo linatokea katika juzuu ya kwanza, na mwandishi halisahau. Taichi anakua na aibu yake. Anacheza, anashindwa, anarudi tena, akijua daima kwamba wapo watu wenye kipawa kumzidi na kwamba siku moja alichagua njia ya mkato. Methali yetu husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilikuwa nimeitamka mara elfu bila kuitazama usoni.

Pengine Suetsugu aliandika hayo kwa sababu aliyajua. Mwaka 2005 ilibainika kwamba baadhi ya michoro katika kazi zake za awali ilikuwa imenakiliwa kutoka kwa wachoraji wengine. Alikiri. Mchapishaji aliviondoa vitabu vyake sokoni na kazi yake ikasimama. Mtu angedhani jina hilo limezikwa. Miaka miwili baadaye alirudi na hadithi hii ya vijana wanaojifunza kusikiliza, na miongoni mwao akamweka mvulana aliyeiba miwani, akamruhusu aendelee kuishi na kujaribu. Sijui mwenyewe angesema nini kuhusu jambo hilo, lakini mimi msomaji wake nililiona hivyo, na nikalala nikimfikiria mtoto aliye upande wa pili wa ukuta.

Kwetu mzazi hamwombi mtoto radhi. Mama yangu hakuwahi kuniomba, na baba alikufa na radhi zake mdomoni. Ilinichukua wiki nzima. Mwisho nilibisha hodi mlango wa binti yangu, jambo ambalo pia sikuwa nimewahi kulifanya, nikaketi sakafuni. Nikamweleza habari ya taa ya karabai, baiskeli, redio na mbuzi wa jirani. Alisikiliza yote. Kisha nikasema, "Nimekosa, mama. Nisamehe."

Alivuta uzi wa blanketi kwa muda. "Hukunipa hata sekunde moja, Mama," akasema.

Sikujitetea.

Mkekani

Tulinunua manila mpya, mkasi na kalamu za wino mzito. Kuandika karata mia mbili si mchezo: mia za msomaji, zenye methali nzima, na mia za kupanga, zenye nusu ya pili. Binti yangu alikumbuka methali sitini na kitu za zile nilizochoma. Nyingine tulizitafuta pamoja mezani kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, ndugu yake mdogo akikata karatasi upogo upogo. Tulipokwama tulimpigia simu nyanya yao. Mama yangu ana methali kama mtu mwingine alivyo na kuku uani. Alizitoa moja baada ya nyingine, akifurahi kwamba wajukuu wanakisomea Kiswahili. Hatukumwambia ni za nini.

Nilivyozidi kuandika ndivyo nilivyomwelewa zaidi Kanade Oe, msichana mmoja katika hadithi, ambaye familia yake ina duka la kimono. Kanade hamkemei Chihaya kwa kucheza polepole. Humkemea kwa kuzichukua karata bila kujua maana ya mashairi. Humfundisha kwamba lile shairi ambalo mwanzo wake unafanana na jina Chihaya, lililotungwa na Ariwara no Narihira, ni picha ya mto Tatsuta uliojaa rangi nyekundu ya majani ya msimu wa mapukutiko. Tangu hapo Chihaya huisikia karata yake kwa rangi. Mimi nami nilianza kuziona methali. Kibaba kinachojazwa haba na haba nilikiona dukani kwa jirani yetu wa zamani, nikamwona mama akihesabu sarafu.

Agosti, shule zilipofungwa tena, mama alikuja kutuona. Siku ya pili tulitandika mkeka sebuleni na kuzipanga karata hamsini. Alitoka chumbani akaziona. Alisimama. Nilimwona akikaza leso yake kiunoni kama alivyofanya siku ile ya koti.

"Hivi ni vitu gani?" akaniuliza mimi.

Binti yangu ndiye aliyejibu. Aliokota karata moja akampa kwa mikono miwili. Mama aliisogeza mbali na macho, akaisoma kwa kunong'ona, kisha akamalizia ile nusu isiyokuwapo. Aliomba nyingine. Akaomba nyingine tena.

"Pesa yake iko wapi?" akauliza hatimaye.

"Hakuna pesa, Nyanya. Tunataka wewe utusomee."

Aliketi kwenye kochi kwa kujivuta, akavaa miwani, akapokea lile fungu la msomaji. Kaka yangu, aliyekuwa amefika kutoka Mombasa asubuhi hiyo, alikaa karibu naye asiseme neno. Najua kila mmoja wao alikuwa akiona meza nyingine.

Mashindano makubwa ya karuta, ya kutafuta bingwa wa wanaume aitwaye Meijin na wa wanawake aitwaye Malkia, hufanyika kila Januari katika hekalu la Omi, mjini Otsu, mahali panapomtukuza mfalme Tenji ambaye shairi lake ndilo la kwanza kati ya yale 100. Sisi tulikuwa na sebule, mkeka na sufuria ya chai. Binti yangu alipiga magoti upande ule, mimi upande huu, magoti yangu yakilalamika. Nilikuwa nimemaliza juzuu zote 50 na nilijiona bingwa.

Mama alisoma. Sauti yake, ambayo kwa miaka mingi nilikuwa nikiisikia ikiuliza baba yuko wapi, ilitoka pole na imara. "Mtaka cha mvunguni," na binti yangu akawahi. "Haba na haba," akawahi tena. Nikasema moyoni, mara hii hanipiti. Nilikuwa nimekwisha kuikariri karata moja iliyokuwa mbele yangu kabisa, haambiwi tazama, nikaitegea mkono.

Mama akanyamaza sekunde moja.

"Mwenye..." akaanza, nami nikarusha mkono, karata ikaruka hadi chini ya kabati.

"...pupa," mama akamalizia, akinitazama juu ya miwani, "hadiriki kula tamu."

Karata hiyo haikuwako mkekani. Kaka yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mama naye akaanza kucheka, kicheko ambacho sikukisikia nyumbani kwetu nilipokuwa mdogo, akajipangusa macho kwa ncha ya leso. Binti yangu peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alichagua moja ya karata zake, akainyoosha kwangu kama sheria inavyotaka, nami nikaipokea adhabu yangu kwa mikono miwili.